Pazia la Mwanyumba

Nianze kwa kutenga. Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: magari mawili yanayofanana, kikao kimoja cha ukoo wa mke wangu kule Kimilili, safari mbili za mama mkwe, na chupa moja ya maji ya kijani. Niliyoyasikia ni mengi zaidi. Nitayataja panapobidi tu, na kila nitakapoyataja nitasema kwamba niliyasikia. Nilikuwa karani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Niliandika maneno ya mashahidi mpaka kidole cha kati kikaota sugu, na nikaona watu wazima, wenye heshima zao, wakiapa kisha wakieleza kwa kirefu jambo walilosimuliwa na shemeji wa jirani yao. Hakimu alikuwa akiyakata maneno hayo, nami nikajifunza kuyakata.

Katika habari hii kuna mahali ambapo sikuyakata. Ndiyo sababu naiandika.

Gari langu ni dogo, la milango mitano, la aina ile ambayo mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu na buti yake haimezi magunia mawili ya mahindi. Nililinunua baada ya kustaafu, likiwa limekwisha kutumika ng'ambo, na viti vyake vilikuwa vilevile lilivyokuja navyo, pamoja na doa la chai la mtu nisiyemjua. Sikulipamba. Nililitunza. Kila Jumamosi, kabla ya kunywa chai, nilikuwa nikifungua boneti hapa nyumbani Kitale, nachomoa kijiti cha oili, nakipangusa kwa kitambaa kimoja kisichotumika kwa kazi nyingine, nakirudisha, nakichomoa tena na kusoma. Kisha maji ya rejeta, maji ya breki, mkanda wa feni, upepo wa magurudumu. Upepo nilikuwa nikiupima kwa kipimo changu mwenyewe, kwa kuwa kile cha kituo cha mafuta sikujua kilisahihishwa lini na nani.

Mwanyumba wangu, yaani mume wa mdogo wa mke wangu, anauza mbegu na mbolea mjini Bungoma. Ni mdogo wangu kwa miaka zaidi ya kumi, anacheka upesi, na kila mahali anapoketi watu husogeza viti kumkaribia. Mwaka mmoja baada yangu, naye alinunua gari. Aina ileile, rangi ileile ya fedha. Nilipomuuliza kwa nini hakuchagua rangi nyingine, alisema, "Mwanyumba, nilijua wewe hununui kitu kibaya. Mimi nikafuata tu." Sifa kama ile humziba mtu kinywa.

Kwa asiyezijua desturi za kwetu, nieleze moja. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawaketi kwenye benchi moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kando ya majani. Akitaka kuniambia neno, mama mkwe humtuma mtu, au hulisema kwa sauti akiwa jikoni ili lipite ukutani lenyewe. Nimekaa katika desturi hiyo tangu nioe, na kwa miaka hiyo yote uso wake niliujua kwa picha ya harusi tu.

Sasa mtazame mtu huyo na gari dogo. Dereva akiketi mbele na mama mkwe nyuma, magoti yake yamegusa mgongo wa kiti cha mkwe. Na kile kioo cha katikati, cha kutazamia nyuma, kinawaleta uso kwa uso kwa safari nzima. Kwa hiyo mimi sikumbeba. Alipotaka kwenda mahali, nilimlipia nauli yeye na mke wangu katika matatu, nami nikawafuata nyuma na gari langu tupu, ili wakishuka niwe karibu kwa mizigo. Niliona huo ndio ukamilifu wa adabu. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili bila kujiuliza swali hata moja.

Siku ya kikao cha ukoo tulifika Kimilili mapema, mimi na mke wangu. Kikao kilihusu jicho la mama mkwe. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili, na sasa alikuwa akitambua mchana na usiku na kivuli cha mtu, basi. Madaktari wa Kitale walikuwa wamempangia kupasuliwa jicho la kulia. Tukiwa uani, gari la mwanyumba likaingia. Likasimama. Shemeji yangu mdogo, mke wa mwanyumba, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, na akatoka mama mkwe mwenyewe na fimbo yake, akitoka kanisani.

Nikageukia mti wa parachichi, kama ipasavyo. Alipokwisha kuingia ndani nililisogelea gari. Kati ya viti vya mbele na vya nyuma palikuwa na pazia. Lilikuwa jekundu lililofifia, limepitishwa waya wa chemchemi kutoka kishikio cha juu ya mlango hadi kishikio cha upande wa pili, limefika hadi chini. Na juu ya viti palikuwa na vifuniko vipya, sakafuni mati za mpira, juu ya madirisha vile vibawa vyeusi vya kuzuia mvua. Lakini nililotazama mimi ni pazia.

Sauti ya mama mkwe ikapita ukuta wa jikoni. "Mwambieni mkwe wangu mdogo leo nimesafiri kama mtu."

Mwanyumba akacheka kwa chini. "Mwambieni mama asante," akajibu ukuta. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mzee wa escort? Bado unafuata matatu? Si ungefunga king'ora juu basi, bana, watu wajue kuna mheshimiwa mbele."

"Nani alikupa wazo hili?" nilimuuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nimelala, nikafikiria tu."

Mke wangu alilitazama pazia, kisha akanitazama mimi, kisha akaingia ndani. Ningaliweza kuvumilia vifuniko, mati na vibawa, maana ni vitu vya kununua. Wazo lile ndilo lililonikaa kooni. Kitambaa na waya. Miaka miwili nilikuwa nikitafakari adabu kwa vifungu na vipengele kama kanuni za mahakama, na mtu wa mbolea alilala, akafikiria tu.

Kikao kiliongozwa na kaka yao mkubwa, shemeji yangu, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi. "Safari ni mbili," alisema. "Ya kumpeleka na ya kumrudisha. Mwenye pazia ampeleke na amrudishe, tumalize."

"Mimi nitaweka pazia," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikiwa juu kuliko nilivyokusudia. "Hospitali iko Kitale, na mimi ndiye mwenye kukaa Kitale. Tena mimi nilioa binti wa kwanza. Safari ya kwanza ni yangu."

Mwanyumba hakubishana hata kidogo. "Ni haki yake," akasema. "Mimi nitarudisha."

Shemeji akaandika. Nikajiona nimeshinda.

Tulipokuwa tumepita Kamukuywa tukirudi, mke wangu alisema akitazama dirishani, "Mzee, umechagua safari gani?"

"Ya kwanza."

"Akienda haoni. Akirudi anaona."

Alichokisema hakikuwa na pa kukatia. Nilikuwa nimejipatia heshima ya kumbeba mtu asiyeona gari, na nimempa mwanyumba siku ile mama atakapofungua jicho na kutazama kitu cha kwanza mbele yake. Kitu hicho kingekuwa pazia jekundu lililofifia.

Hata hivyo nilianza kununua. Katika mji wa Kitale kuna mama mmoja anayeuza mapambo ya magari katika kibanda kilichojaa harufu ya mpira mpya. Nilikwenda na utepe wa kupimia.

"Vifuniko hivi vimetoka wapi?"

"Hizo ni original, mzee. Japani."

"Nani alikuambia?"

"Si yule huniletea."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Akaweka mikono kiunoni. "Mzee, unanunua ama unaandika statement?"

Nilinunua. Vifuniko vya viti vya rangi ya maziwa, mati nne, kava ya usukani yenye mshono wa mkono, vibawa vya mvua, hata kile kikopo cha manukato kinachobanwa kwenye tundu la upepo, kitu ambacho maisha yangu yote nimekidharau. Kila nilipochukua kimoja nilikuwa nikikumbuka gari la mwanyumba lilikuwa na kipi, nami nikachukua kilicho kizito zaidi. Pazia nililipeleka kwa fundi cherehani: zambarau iliyokolea, tabaka mbili, na pindo. Fundi aliniuliza kama ni la altare.

Mwisho nikataka taa za ukungu, kwa sababu mwanyumba hakuwa nazo. Fundi wa kuzifunga alilala chali chini ya bampa, akasukuma mipira ya maji ya rejeta upande mmoja apate nafasi, akafunga. Akiwa chini kule aliniambia jambo. Nasema aliniambia, na yeye alisema ameambiwa na fundi mwenzake wa Webuye: kwamba gari dogo la fedha lenye pazia, la mtu wa Bungoma, lilionekana limesimama kwenye mlima, boneti wazi, likitoa moshi.

"Lini?" nikauliza.

"Hiyo sijui. Ni yeye aliniambia."

Ushahidi wa namna ile, enzi zangu, ungekatwa kabla wino haujakauka. Nilirudi nyumbani, nikaketi ndani ya gari langu lililonukia malimau, nikampigia simu shemeji mwalimu.

"Gari la mwanyumba linachemka," nikamwambia. "Kwenye mlima wa Webuye lilisimama. Si vyema mama arudishwe nalo, jicho likiwa bichi."

Akauliza, "Una hakika?"

Nikajibu, "Unanijua mimi."

Ni maneno mawili tu, na kila moja lilikuwa kweli. Alinijua kama mtu asiyesema neno la kusikia. Nilichukua sifa niliyoijenga kwa miaka yote ile, nikaitumia kupitisha umbea. Siku iliyofuata aliwajulisha wote kwamba safari zote mbili ni za mkwe mkubwa. Sababu, alisema, ni ukaribu wa hospitali. Hakulitaja gari la mtu. Nilimshukuru moyoni, na nikajidharau kidogo, lakini kidogo tu, maana furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Jumamosi ya wiki ile sikufungua boneti. Nilikuwa nashona vikulabu vya pazia.

Safari ya kwenda ilipita salama. Mama mkwe aliketi nyuma na mke wangu, pazia limefungwa, na kile kioo cha katikati nilikigeuza kikatazama paa. Hakusema neno lolote juu ya gari. Aliuliza mara moja tu, kwa mke wangu, harufu ile ni ya nini. Alipasuliwa, akalala hospitali usiku mmoja, na asubuhi akafunguliwa kitambaa.

Asubuhi hiyohiyo niliosha gari mapema. Nilipolisogeza niliona unyevu ardhini, pale lilipokuwa limesimama, chini ya upande wa mbele. Niliuona vizuri. Ulikuwa na rangi ya kijani kidogo. Nikajiambia ni maji ya kuoshea na sabuni yake, nikaingia, nikaenda. Watu huniuliza tofauti ya kuona na kusikia. Siku hizi huwaambia kwamba kuna pia kuona usichotaka kukiona.

Mwanyumba na mkewe walikuwa wamekwisha kufika hospitali kutoka Bungoma. "Nimekuja kumwona mama tu," alisema, akanipa mkono. "Mimi leo ni escort. Nitawafuata nyuma."

Mama mkwe alitoka mlangoni na miwani myeusi, mke wangu amemshika kiwiko. Niligeukia ukuta. Kama alitabasamu, sikuona. Nililoliona, kwa pembe ya jicho, ni mkono wake ukishika pindo la pazia na kulisugua kati ya vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Alilisugua muda mrefu. Kisha akaingia.

Tukaondoka. Kwa kuwa kioo cha katikati kilitazama paa, nilitumia vya pembeni, na katika kile cha kulia niliona gari la fedha likitufuata, viti vya nyuma vitupu, pazia jekundu likipepea bila mtu nyuma yake. Sijawahi kukipenda kioo cha pembeni kiasi kile. Tulipita mashamba ya mahindi, tukapita Kiminini, nami nilikuwa nikitazama kioo. Nyuma ya pazia langu mama mkwe alikuwa akitaja vitu kwa sauti ndogo. "Ng'ombe. Yule amevaa kijani. Hilo bati ni jipya." Mke wangu alikuwa akisema, "Ndiyo, mama." Nami nikatazama kioo tena. Mbele yangu, nyuma ya usukani wenye mshono wa mkono, kuna taa ndogo nyekundu ya joto. Iliwaka lini, siwezi kuapa.

"Mzee," mke wangu alisema, "nini kinanuka?"

"Ni manukato."

"Manukato hayanuki hivyo."

Ndipo moshi mweupe ulipotoka ukingoni mwa boneti. Nikaegesha kando, nikazima. Mama mkwe alishushwa, akasimamishwa chini ya mkaratusi, mgongo wake kwangu na mgongo wangu kwake. Mwanyumba aliegesha nyuma yetu. Alikuja na chupa ya maji ya kijani, yale ya rejeta, mkononi na kitambaa kikavu begani, kama mtu aliyejua alichoitwa kufanya. Hakucheka. Hilo lilinichoma kuliko kicheko.

"Ngoja ipoe," akasema. Tukasubiri. Kisha akainama, akachungulia nyuma ya bampa, akanionyesha kwa kidole. Klipu ya mpira wa chini wa rejeta ilikuwa imelegea, pale ulipokuwa umesukumwa kando ya taa ya ukungu, na maji yalikuwa yametiririka hadi kwenye chuma. "Taa nzuri," akasema. "Nani alikufungia?"

Nilimwambia.

"Aa. Huyo." Akaikaza klipu kwa bisibisi yake. "Huyo huongea sana akiwa chini ya gari."

Aliupangusa mkono wake kidole kwa kidole.

"Nasikia gari langu linachemka, mwanyumba."

"Nani amekuambia?" nikauliza, na nikaona aibu ya swali lenyewe.

"Shemeji. Aliniita anishauri nibadilishe rejeta. Anakuheshimu sana, yule mzee. Alisema wewe husemi usichokiona." Akarudi kwenye gari lake, akafungua boneti, akaiegemeza. "Njoo basi uone. Ndiyo limetoka Bungoma asubuhi, limepanda mlima wa Webuye, limefika hapa. Angalia mwenyewe, usisikie kwa watu."

Kutoka chini ya mkaratusi, sauti ya mama mkwe ikaja, ikielekezwa kwa mke wangu na kwa barabara nzima. "Mwambieni mkwe wangu mkubwa pazia lake ndilo zuri. Lile lingine limepauka. Lakini mimi nataka kufika nyumbani."

Mke wangu hakurudia. Hakukuwa na haja.

Wakamwingiza katika gari la mwanyumba, na mke wangu akaenda naye, na dada yake akaketi mbele. Mwanyumba aliniachia ile chupa. Niliyoambiwa baadaye juu ya maneno ya mama mkwe ndani ya gari lile, kuhusu mimi na kuhusu taa za ukungu, sitayaandika, kwa kuwa sikuwepo. Wala sijui kama gari lile liliwahi kusimama kwenye mlima siku nyingine yoyote. Fundi alisema, na fundi aliambiwa.

Lakini kabla mwanyumba hajafunga boneti nilikwenda, nikainama, nikatazama kama nilivyotazama la kwangu Jumamosi zote isipokuwa moja. Mpira wa chini ulikuwa mkavu. Klipu zilikuwa zimekazwa. Na katika kile kikopo cheupe cha maji ya rejeta, maji ya kijani yalikuwa yametulia kwenye alama ya juu, hayatikisiki.